Usimpunguzie mtoto wa awali maneno

Kuna mazoea yameingia katika madarasa yetu ya awali nayo yananiuma. Mwalimu akishaingia darasani huanza kuchuja maneno. Kwa kuwa mtoto ana miaka mitano, kila chombo cha baharini kinaitwa boti, kila anayekwenda kwa miguu "anatembea" hata kama anachechemea au ananyata, na kila jambo baya "si zuri". Nia ya mwalimu ni njema, anataka aeleweke. Lakini mtoto wa Mwambani, pwani ya hapa Tanga, ambaye baba yake huingia baharini na ngalawa anakuja shuleni akiwa tayari na maneno ya bahari kama mrengu, tanga, omo na bamvua. Akikaa mwaka mzima anasikia "boti", "kitambaa" na "maji mengi", tumemwongezea nini?

Kazi yangu ni elimu ya awali, hapa Tanga mjini, nikifundisha watoto na kukaa na walimu wanaowafundisha. Ninalolisisitiza kwao kila tunapokutana ni kwamba mtoto wa Kiswahili anahitaji maneno mengi mapema, tena kabla hajajua kusoma. Sababu imo ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishashika irabu na silabi zake, hakuna neno litakalomshinda kulitamka. Mwenzake wa Uingereza atahangaika miaka na tahajia, wa kwetu atatiririka ukurasa mzima akiwa darasa la kwanza, na wote tutapiga makofi. Kisha muulize amesoma nini. Mara nyingi hapo ndipo anapoinamisha kichwa. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mwaka 2015, tumekazana na ba be bi bo bu, na ni haki tukazane. Ila silabi zinafungua mlango tu. Kama neno halijawahi kupita masikioni mwa mtoto, kulisoma hakumpi kitu.

Na masikio ya mtoto ni mepesi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, Susan Carey na Elsa Bartlett, walifanya jaribio dogo na watoto wa miaka mitatu na minne. Mwalimu alimwambia mtoto amletee sinia la rangi ya "kromiamu", si lile la buluu. Neno lile watoto hawakulijua, na sinia lenyewe lilikuwa la kijani cha zeituni. Hakuna aliyewaeleza chochote zaidi. Walipopimwa siku kadhaa baadaye, baadhi yao walikuwa wameshashika kwamba neno lile ni la rangi, ingawa hawakuwa na uhakika ni rangi ipi. Mimi huwasomesha walimu jaribio hili kwa pande zote mbili. Mara moja tu inatosha kumpa mtoto mahali pa kulitundika neno. Mara moja tu haitoshi kumpa neno lenyewe. Atahitaji kulikuta tena na tena, kwenye hadithi, uwanjani, wakati wa uji, mpaka limzoee.

Neno lipi basi? Isabel Beck na wenzake, nao wa Marekani, wanayagawa maneno mafungu matatu: ya kila siku, ambayo mtoto huja nayo; ya watu wazima na vitabuni, yanayofaa katika mambo mengi; na ya fani maalumu. Wanashauri mwalimu atumie nguvu zake kwenye lile fungu la kati. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa: duwaa, sitasita, himiza, kereka, dhaifu, hayo ndiyo maneno ya kulipia jasho. Watoto wawili wakigombea mpira sisemi "umekasirika", nasema "naona umekereka, na mwenzako ameghadhibika", na kwa kuwa wote wawili wanaijua hali hiyo kifuani, neno linapata pa kukaa. Ila kwa pwani fungu la tatu nalitazama kwa jicho jingine. Kwetu maneno ya chombo, ya maji na ya mnazi si ya mafundi peke yao. Mtoto anaishi nayo.

Chukua mnazi. Ninapopanga somo hili naomba matunda yake ya kila umri na kuyapanga juu ya mkeka: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kidaka mtoto anakifumbata kiganjani, na hapo hapo "fumbata" imeingia bila kuitwa. Kitale ni kikubwa kidogo, hakina cha maana cha kunywa wala cha kula. Halafu tunatikisa. Dafu limejaa maji hadi juu, halitoi sauti. Nazi inalia. Koroma ndilo linalowasumbua, maana limeshapita udafu na bado halijafika unazi: maji yameanza kupungua utamu, nyama imeanza kuwa ngumu, na ukilikuna halikupi tui la maana. Siwapi maelezo hayo yote. Naacha walipitishe mkono kwa mkono, walitikise, waonje, wabishane. "Mwalimu, hili halilii!" "Linalia kidogo!" Kelele hizo ndizo somo. Baadaye tunabanja, tunakuna kwenye mbuzi, tunakamua, na kila kitendo nakitaja kwa jina lake, pamoja na kumbi, kifuu na chicha.

Siulizi "koroma maana yake nini?" Swali hilo hata mtu mzima lingempa kigugumizi. Nasubiri. Siku moja mtoto alinijia na embe lake, limeanza tu kulainika upande mmoja, akaniambia, "Mwalimu, embe langu bado koroma." Embe halina koroma, na nilimwambia kwamba kwa embe tunasema tosa. Lakini alikuwa amelishika neno kwa mzizi wake: kile kilicho katikati, kilichotoka kwenye ubichi na hakijaiva. Hakuna mtihani ungenionyesha hilo.

Vitenzi ndivyo tunavyovisahau zaidi. Mtoto wa awali hutumia "fungua" kwa kila kitu: fungua mkeka, fungua macho, fungua sufuria. Mimi humpa jozi: kunja na kunjua mkeka, fumba na fumbua macho, funika na funua sufuria, ziba na zibua tundu. Akishazoea jozi chache anaanza kuzitabiri mwenyewe, na anapofika kwenye bandika anaitafuta bandua kabla sijaitamka. Darasa likiwa na watoto wengi, kama yalivyo madarasa yetu mengi, mchezo huu hauhitaji kifaa. Nasema "fumbeni!", wanafumba. "Fumbueni!" Vivyo hivyo uwanjani: nyateni, chechemeeni, pepesukeni, soteni.

Walimu huniuliza kuhusu watoto wanaotoka nyumba za Kidigo, Kibondei au Kisambaa, kwamba hao je, tusiwarahisishie? Hao ndio wanaohitaji kitu mkononi na kitendo mwilini zaidi ya wote, na mara nyingi huwa na neno lao kwa kitu kile kile. Mwache alitaje, wenzake walisikie, kisha mpe la Kiswahili. Asilopaswa kupewa ni Kiswahili kilichokatwakatwa.

Na mzazi asiye na muda wa kusoma hadithi jioni hahitaji kununua kitabu. Anapoanua nguo, amwite mtoto, na amwambie "njoo tuanue", si "njoo tutoe nguo". Anapompara samaki, aseme anapara. Akiipua sufuria, aseme anaipua, na amwonye kwamba ina moto.