Barafu ikizidi, barafu ikipungua: hesabu ya pengwini wa Antaktika

Msimu wa kuzaliana wa 2016/17, karibu na Dumont d'Urville, kituo cha utafiti cha Wafaransa mashariki mwa Antaktika, jozi zipatazo 18,000 za pengwini aina ya Adeli zilikuwa kwenye viota. Vifaranga waliofika mwisho wa msimu wakiwa hai walikuwa wawili. Si wawili katika kila mia. Wawili basi. Barafu ya baharini ilikuwa imezidi. Mwishoni mwa 2022, upande mwingine wa bara hilohilo, kwenye bahari ya Bellingshausen, makoloni (makundi ya kuzalia) manne kati ya matano ya pengwini kaizari yalipoteza vifaranga vyake. Huko barafu ilikuwa imevunjika mapema mno.

Nafundisha ikolojia ya ndege hapa Mbeya, na kazi yangu ya uwandani ni ndege wa maji wa bonde la Usangu. Pengwini sijawahi kumgusa. Hata hivyo nawarudia kila mwaka darasani, kwa sababu wamehesabiwa kwa miongo mingi mahali pasipo na mashamba ya mpunga, wala ng'ombe, wala mifereji ya umwagiliaji. Ndege wakipungua Ihefu, ardhi oevu ya bonde hilo, nina watuhumiwa kumi. Antaktika watuhumiwa ni wachache, na karibu wote wanapita mlango mmoja: chakula.

Wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, barafu ikiisha, si pengwini nao wanaisha?" Kwa baadhi yao, ndiyo. Lakini jibu hilo la haraka halielezi Dumont d'Urville hata kidogo.

Pengwini mwenye kifaranga amefungwa kamba. Katika wiki hizo chache hawezi kuhama kufuata chakula. Lazima aende baharini, ajaze tumbo, arudi. Adeli hupokezana: mmoja analinda kiota, mwenzake anavua. Kwa hiyo ukitaka kujua kama vifaranga watapona, usiulize kwanza baridi ni kali kiasi gani. Uliza kutoka kiotani hadi kwenye chakula ni mbali kiasi gani. Msimu ule barafu iliyoshikamana na pwani haikufunguka kwa wakati, wazazi wakalazimika kukata makumi ya kilomita juu yake ndipo waone maji. Waliporudi walikuta wamechelewa. Miaka mitatu kabla, 2013/14, hapohapo hakupona hata kifaranga mmoja, na safari hiyo mvua nayo ilikuwapo. Malaika, yale manyoya laini ya kifaranga, hayazuii maji. Akilowa, upepo unammaliza.

Sasa geuza upande. Kama barafu nyingi inaua, mbona nasema barafu kidogo nayo inaua?

Kwa sababu ya krili. Huyu ni mnyama wa jamii ya kamba, hafiki urefu wa kidole, na ndiye anayelisha nyangumi, sili na pengwini wa eneo hilo. Watoto wa krili hupitisha majira ya baridi wakikwangua mwani unaoota upande wa chini wa barafu, wakati majini kwenyewe hakuna cha kula. Barafu ikichelewa kuganda au ikitanda eneo dogo, kizazi kizima cha krili kinakonda na kufa. Wasomaji wa Kyela mnaujua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa: mwaka ukijaa ziwani, bei inashuka hadi huku Mbeya, sokoni Mwanjelwa; mwaka mwingine unasikia tu kwamba umeadimika. Krili nao wana miaka yao. Ila usipa maisha yake ni mafupi, na krili huweza kuishi miaka mitano na zaidi, hivyo kizazi kimoja kizuri hulisha bahari kwa misimu kadhaa. Balaa huanza pale majira mabaya ya baridi yanapofuatana, kizazi kizuri cha mwisho kikazeeka bila mrithi.

Hilo ndilo linaloonekana kwenye Rasi ya Antaktika, ule mkono wa nchi unaonyoosha kuelekea Amerika ya Kusini. Upande wake wa magharibi joto limepanda kwa takriban nyuzi 3 tangu katikati ya karne iliyopita. Karibu na kituo cha Palmer cha Wamarekani, Adeli walikuwa jozi zaidi ya 15,000 miaka ya 1970. Tangu hapo wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Theluji imechangia, na hii huwashangaza wengi: hewa yenye joto hubeba unyevu zaidi, unyevu huo unaanguka kama theluji, na Adeli anataka ardhi tupu ya kupanga vijiwe vya kiota chake. Theluji ikiyeyuka chini ya mayai, mayai yanaoga hadi yanakufa.

Aliyewasumbua sana wataalamu ni pengwini mwenye mstari mweusi kidevuni. Huyu hapendi barafu. Hupenda maji ya wazi. Kwa hesabu ya zamani, barafu ikipungua alitakiwa aneemeke. Hakuneemeka. Kwenye kisiwa cha Elephant, karibu na ncha ya rasi, walihesabiwa jozi zipatazo 122,000 mwaka 1971. Mwaka 2020 zilikuwa kama 53,000. Ndege anayependa barafu anapungua, na asiyeipenda anapungua pia. Kinachowaunganisha ni kwamba wote wawili wanategemea krili. Mimi binafsi naona huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika habari hii yote, kwa sababu ulivunja maelezo ambayo kila mtu alikuwa ameridhika nayo.

Jentu, pengwini mwingine jirani yao, anazidi kuongezeka na kusogea kusini. Anakula samaki pamoja na krili, haendi mbali na nyumbani majira ya baridi, na mayai yakiharibika mapema anaweza kutaga tena. Haringi, kwa kifupi.

Kuna mwingine hapaswi kusahaulika: nyangumi. Karne iliyopita waliuawa kwa wingi mno, na wapo wanaosema kwamba krili walioachwa na nyangumi waliwanenepesha pengwini, kiasi kwamba hesabu za miaka ya 1970 zilikuwa za neema isiyo ya kawaida. Nyangumi wenye nundu sasa wamerudi kwa wingi, nao wanadai sehemu yao. Hoja hii naiheshimu. Kuanzia hesabu kwenye mwaka wa neema ni kosa tunalolifanya hata na ndege wa Usangu. Lakini haigusi kabisa kinachompata kaizari.

Kaizari hutaga juu ya barafu yenyewe, Mei na Juni, katikati ya giza la baridi. Kifaranga anahitaji barafu hiyo isimame hadi Desemba hivi, apate manyoya ya kuogelea. Ikivunjika Novemba, anaanguka majini na malaika yake. Halley Bay, lililokuwa koloni la pili kwa ukubwa, lilishindwa kukuza vifaranga miaka mitatu mfululizo kuanzia 2016. Ndege wazima hawakufa wote: koloni jirani la Dawson-Lambton lilivimba zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo anayehesabu sehemu moja tu atatangaza msiba ambao nusu yake ni uhamisho. Siku hizi wanahesabiwa kwa setelaiti, kwa kutafuta madoa ya kinyesi kwenye barafu nyeupe. Picha za 2009 zilitoa jozi zipatazo 238,000. Picha za namna hiyo ndizo zilizoelekeza watafiti kwenye visiwa vya Danger, ambako mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kuna jozi zaidi ya 750,000 za Adeli. Visiwa hivyo viko upande wa rasi unaotazama bahari ya Weddell, ambako barafu bado ipo.

Usomapo hesabu hizi kumbuka kwamba kaizari huanza kuzaa akiwa na miaka kama mitano, kisha huishi mingi. Vifaranga waliozama 2022 hawapungui kwenye takwimu za 2023. Pengo lao linaanza kuonekana pale walipotakiwa kurudi kutaga.

Linabaki suala la meli. Krili huvuliwa kwa ajili ya mafuta ya vidonge na chakula cha samaki wa kufugwa, na kikomo katika eneo la rasi na visiwa vya kusini mwa Atlantiki ni tani 620,000 kwa mwaka. Wavuvi husema hiyo ni kama asilimia moja tu ya krili waliopo, na kwa hesabu ya jumla hawakosei. Lakini pengwini halishwi na jumla. Anakula krili walio karibu na kiota chake, wiki zile. Kanuni iliyogawa kikomo hicho katika maeneo madogo iliisha muda 2024 bila nchi wanachama wa tume inayosimamia uvuvi huo kukubaliana mbadala. Mwaka 2025 kikomo kikafikiwa kwa mara ya kwanza na uvuvi ukafungwa Agosti.

Ugomvi huohuo umefika barani kwetu. Pengwini wa Afrika, wa Namibia na Afrika Kusini, wamebaki chini ya jozi 10,000, na Oktoba 2024 waliwekwa daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Dagaa wao wamepungua na kuhama, na meli zilikuwa zikivua karibu na makoloni yao. Machi 2025 mahakama ya Pretoria iliidhinisha makubaliano kati ya wahifadhi na wavuvi: uvuvi wa dagaa umefungwa kuzunguka makoloni sita kwa miaka 10, na baadhi ya mipaka imechorwa kwa kufuata mahali ambapo ndege hao huenda kuvua.