Tarehe ya faili kwenye FatFs: sifuri ni bora kuliko uongo

Memori kadi inatoka kwenye kipima joto cha tangi la barafu, mtumbwi wa sangara umerudi Igombe alfajiri, na mafaili yote yana tarehe moja, 1 Januari. Kadi haina kosa. FatFs, maktaba ya C inayoandika mafaili ya mfumo wa FAT kwenye kadi, haina saa yake. Huuliza muda kupitia fanksheni moja, get_fattime, ambayo unaiandika wewe. Kwenye faili lake la mipangilio, ffconf.h, FF_FS_NORTC ikiwa 1 haiulizi kabisa, inabandika tarehe iliyoandikwa humo. Weka 0.

Jibu inalolitaka ni namba moja ya biti 32. Kutoka juu: biti 7 za mwaka ukihesabu tangu 1980, 4 za mwezi, 5 za siku, 5 za saa, 6 za dakika, na 5 za sekunde zilizogawanywa kwa 2. Ndiyo maana sekunde za namba witiri hazihifadhiki. Pima msimbo wako kwa 28 Machi 2025, 05:42:36. Lazima itoke 0x5A7C2D52. Kwenye chipu ndogo za AVR, int ina biti 16 tu, hivyo mwaka ugeuze kuwa DWORD (namba ya biti 32) kabla ya kuusogeza biti 25, la sivyo unapotea.

Kwa chipu ya saa nachagua DS3231, maana hujirekebisha joto linapobadilika: kati ya nyuzi 0 na 40 hupotea kama dakika moja kwa mwaka. DS1307 haina uwezo huo. Angalia bodi yenyewe, kwani nyingi za bei nafuu zina njia ya kuchaji betri. Betri ya CR2032 haichajiki, huweza kuvimba. Ng'oa diodi ya njia hiyo kwanza.

Soma rejista (vihifadhi namba vya chipu) 0x00 hadi 0x06 kwa mkupuo mmoja. Ukizisoma mojamoja saa ikiwa 09:59:59, unaweza kuambulia 09:00:00, saa nzima imepotea. Namba zenyewe ni BCD, yaani kila tarakimu ina biti 4 zake: 0x28 ni 28, si 40. Kwenye rejista ya mwezi ficha biti 7, ni ya karne.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Rejista 0x0F, biti 7, huwa 1 kama saa iliwahi kusimama, mathalani betri ikiisha au ikichomoka kwa mawimbi. Biti hiyo ikiwa 1, get_fattime irudishe 0, yaani faili halina tarehe halali. Tarehe ya uongo inafanana na ya kweli, na mnunuzi anayetaka kujua samaki walikaa kwenye joto gani, saa ngapi, ataiamini. Ukishaweka saa upya, futa biti hiyo.

Usiisome chipu ya saa kupitia I2C, njia ya waya mbili inayoiunganisha, ndani ya get_fattime. Waya ukilegea, f_close ya kufunga faili inaganda nayo. Soma chipu kifaa kinapowaka, kisha kila baada ya saa moja, na katikati hesabu sekunde kwenye RAM. Halafu ita f_sync kila dakika: f_write peke yake haiandiki ukubwa wala tarehe kwenye orodha ya mafaili, na umeme ukikatika kabla, faili jipya litaonekana lina baiti 0.

Chipu iweke kwa saa za Afrika Mashariki moja kwa moja. FAT huhifadhi saa za mahali, na Tanzania hatusogezi saa kwa msimu.

Inabaki shida ya usiku. Safari moja ya uvuvi huvuka saa sita usiku na kugawanyika tarehe mbili, ilhali kwetu ni usiku mmoja, wa kuamkia Ijumaa. Kwa jina la faili tu, ongeza saa 6 kwenye muda kisha chukua tarehe. Saa 18:30 ya Alhamisi 27 Machi inakuwa 00:30 ya tarehe 28. Saa 05:42 ya Ijumaa inakuwa 11:42 ya tarehe 28 hiyohiyo, ambayo ndiyo saa 11:42 ya alfajiri kama anavyoitaja nahodha. Zote mbili zinaingia 250328.CSV.