Utofauti wa doa: kwa nini saratani huonekana, au hufichika, kwenye skani ya PET

Usiku usio na mbalamwezi, simama ufuoni Dunga, Kisumu, utazame ziwani. Taa za wavuvi wa omena zimetapakaa kama mji mzima juu ya maji. Rudi mwezi ukiwa mpevu: taa ni zilezile, lakini jicho huzipata kwa taabu, na hata omena hawazifuati. Utofauti wa doa katika tiba ya nyuklia, ile itumiayo dawa zenye mionzi, ni jambo hilo hilo. Hatuulizi tu uvimbe unang'aa kiasi gani, tunauliza unauzidi mwili ulioko kandokando kwa kiasi gani.

Kwa skani ya PET, yaani picha inayoonyesha mionzi inatoka wapi ndani ya mwili, mgonjwa hudungwa sukari iliyoungwa na florini-18, ambayo hutoa mionzi. Seli nyingi za saratani zina ulafi wa sukari, jambo aliloliona Otto Warburg wa Ujerumani miaka ya 1920. Sukari hii ikishaingia kwenye seli hubadilishwa kidogo, halafu hukwama humo, kwa kuwa seli haiwezi kuichoma hadi mwisho. Ndiyo sababu mgonjwa hulazwa kimya kama saa nzima kabla ya picha. Muda huo figo huchuja iliyobaki kwenye damu, mgonjwa huenda haja ndogo, na uvimbe huendelea kukusanya. Giza linakolea huku taa ikizidi kuwaka.

Lakini mwili wenyewe unaweza kuwasha mbalamwezi. Shangazi yangu, mgonjwa wa saratani ya titi, alifuata skani hiyo Nairobi kwa basi la usiku kutoka Kisumu. Basi liliposimama Nakuru saa tisa usiku, baridi ikiwa kali, alishuka akanywa chai ya maziwa yenye sukari na mandazi mawili. Asubuhi akarudishwa nyumbani. "Mwanangu, chai tu?" aliniuliza kwenye simu. Kuna aliyemwambia asile, ila hakuna aliyemweleza sababu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sababu yenyewe ni hii. Ukila, mwili hutoa insulini, nayo huifungulia misuli milango ya sukari. Dawa, yaani ile sukari yenye florini, ikidungwa wakati huo hukimbilia mapajani na mabegani, uvimbe ukaambulia kidogo. Ndipo mtu hufunga angalau saa 4 hadi 6, akinywa maji matupu. Kubeba gunia au kukimbia siku ya kuamkia skani hufanya misuli ing'ae vilevile. Baridi nayo huamsha mafuta ya kahawia ya shingoni, ambayo huchoma sukari na kung'aa mahali ambapo daktari anatafuta tezi zenye saratani. Blanketi unalopewa si ukarimu tu, ni sehemu ya kipimo.

Mtu atauliza kwa nini dawa isipakiwe garini ikaletwa Kisumu. Florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Safari ya saa 6 ikiisha, imebaki kama sehemu moja ya kumi.

Upande wa mashine, adui mkubwa ni pumzi. Uvimbe ulio chini ya pafu hupanda na kushuka, mng'ao wake ukasambaa kama wino kwenye karatasi mbichi. Mashine za kisasa hufuatilia pumzi na kukusanya picha za hatua moja tu ya kifua. Doa lisilofika sentimita moja huonekana hafifu kuliko lilivyo.

Saratani ya tezi dume mara nyingi haijali sana sukari. Kwa hiyo hutumiwa dawa nyingine, inayonata kwenye protini iitwayo PSMA iliyojaa juu ya seli hizo, na taa ikawaka pale ambapo sukari ingeacha giza.

Safari ya pili shangazi alitangulia siku moja, akalala kwa binamu yangu, akashinda na maji na sweta. Kwenye picha, moyo na ubongo viling'aa kama kawaida yake, misuli ikanyamaza, na doa la kwapani likasimama peke yake.