Mita 150 za mwaka 1965 si mita 150 za leo

Wengi huamini kwamba saa kongwe ya wapiga mbizi iliyoandikwa mita 150 haiingizi maji maisha yake yote. Sivyo. Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya Japani ya wapiga mbizi mwaka 1965, namba hiyo ilieleza uwezo wa saa ikiwa mpya. Kinachozuia maji ni pete nyembamba za mpira, kwa mfano kwenye kifuniko cha nyuma na kwenye kitufe cha kurekebishia majira. Mpira hukakamaa na kupasuka hata saa ikikaa kabatini. Maji yakipenya, kutu hula mashine. Fundi azibadilishe pete, kisha aipime saa kwa shinikizo. Ila uso uliofifia, tafadhali auache: rangi mpya hufuta uzuri wake.