Loleza si kilima cha nyuma ya nyumba

Mgeni akishuka stesheni ya TAZARA, awe ametoka Dar es Salaam au Kapiri Mposhi kule Zambia, huinua macho akaona mlima Loleza umeuegemea mji wa Mbeya. Kesho yake anawauliza wenyeji: "Nikipanda pale saa tatu, si nitakuwa nimerudi kula mchana?"

Hiyo ndiyo dhana inayowaponza wengi: kwamba mlima ulio karibu na mji ni matembezi tu. Mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Loleza kina mita 2,656. Maana yake unapandisha karibu kilometa nzima kwenda juu. Tena aliyeamka Pwani jana yake anafika kwenye hewa ambayo oksijeni yake imepungua kwa zaidi ya robo. Kifua kubana na kichwa kuuma si uvivu. Lala Mbeya usiku mmoja au miwili kwanza, kisha panda polepole. Na ukifika Loleza usidhani umefika kilele cha Mlima Mbeya, ambao ni mwingine. Hicho kinapita mita 2,800 na kinataka siku yake.

Wapo wanaoamini kwamba baridi na ukungu ni mambo ya masika, kwa hiyo Julai, mvua zikiwa zimekatika, fulana inatosha. Kwa kweli Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali huku kwetu, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama sita. Mjini ukiacha nyuzi 12, juu utakuta sita, na upepo juu yake.

Julai moja nilimpandisha binamu yangu. Saa tano anga lilikuwa jeupe, tukauona mji wote chini yetu. Robo saa baadaye ukungu ulikuwa umetufunika hata sikuiona njia tuliyojia. Tulikaa chini ya mwamba tukisubiri, yeye akitetemeka, na mimi ndiye niliyemwambia asubuhi aliache sweta lake nyumbani. Tangu siku hiyo simpandishi mtu asiye na sweta, koti la mvua na tochi, hata kukiwa kweupe namna gani. Pandeni alfajiri. Miezi hiyo ya baridi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na giza halikawii.

"Simu itanionyesha njia." Itakuonyesha hadi betri iishe, na baridi huimaliza haraka.

Kuna neno jingine nalisikia sana kwa ndugu zetu wa Dar na Nairobi: kwamba mwongozaji ni wa Wazungu. Linanisikitisha. Njia za mlimani zimekatwa na wachunga ng'ombe na wanaotafuta kuni. Zinagawanyika mara nyingi, na si zote zinazofika kileleni. Mwenyeji anajua ipi inaishia kwenye genge, pale mlima unapokatika wima. Anajua pia pa kupita bila kukanyaga mashamba ya watu. Mlipe mkiwa mmeelewana bei kabla ya kuondoka.

Kuteremka nako hudharauliwa. Magoti yamechoka, kokoto zinateleza, na mtu anaharakia chai. Punguza hatua.

Wengine hukimbilia Ngozi, lile ziwa lililo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, upande wa barabara ya Tukuyu, wakiamini kwamba wataishia kunawa uso ziwani. Njia ya kawaida inaishia ukingoni, baada ya msitu na matope, na kutoka hapo kuta za kreta zinashuka wima hadi majini. Ukungu ukiwa umelificha ziwa, kaa usubiri. Mara nyingi hufunguka. Ila usisogee mbele kupiga picha, kwa sababu majani yaliyosongamana pale ukingoni huficha mahali ardhi inapoishia.