Kwa nini jua la Mbeya huchelewa

Mwezi Juni jua huchomoza Mbeya karibu saa 1 kamili asubuhi. Siku hiyohiyo, Dar es Salaam limeshachomoza tangu saa 12:33, na muuza maandazi wa Kariakoo ameshamaliza beseni la kwanza. Watu wanaohamia huku kikazi kutoka Pwani hudhani wanazibiwa jua na milima. Milima ina mchango wake, sikatai: pale Matema, Safu ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta, na jua hulazimika kuupanda kwanza ndipo liwafikie wavuvi wa Ziwa Nyasa. Lakini hata kama mkoa wote ungekuwa tambarare kama Usangu, jua letu lingechelewa vilevile.

Nafundisha jiografia katika chuo kimoja hapa Mbeya. Swali hili naulizwa na wanafunzi, na wazazi wao, na madereva wa malori. Linastahili jibu kamili.

Dunia huzunguka kwenye mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, nyuzi 360 kwa saa 24. Gawanya, utapata nyuzi 15 kwa saa moja, yaani dakika 4 kwa kila uzi mmoja wa longitudo, ile mistari ya ramani inayopima umbali wa mashariki na magharibi kuanzia Greenwich, Uingereza. Anayekaa mashariki huliona jua kwanza. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39.3 mashariki, Mbeya iko kwenye nyuzi 33.5 hivi. Tofauti ni karibu nyuzi 6, na nyuzi 6 ni dakika 23 au 24. Hizo ndizo dakika ambazo basi likitoka Dar halizioni njiani, ila jua linazihesabu zote. Juni zinaongezeka kidogo kwa sababu Mbeya iko kusini zaidi, na mchana wa kipindi hicho ni mfupi zaidi huku kuliko Dar.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa 3, na saa 3 mara nyuzi 15 ni nyuzi 45. Kwa hiyo saa zetu zote, kuanzia ile ya ukutani ofisini hadi ya simu, zimepangwa kwa jua la nyuzi 45 mashariki. Tafuta mstari huo kwenye ramani. Haugusi Tanzania kabisa. Unapita baharini, mashariki ya Mtwara, na kuikata Madagascar upande wake wa magharibi. Adhuhuri ya kweli ya saa yetu iko huko. Jua likishafika utosini Madagascar, linachukua dakika 23 kufika Dar es Salaam, dakika 37 kufika Iringa, dakika 41 kufika Njombe, dakika 46 kufika Mbeya, na kama dakika 54 kufika Sumbawanga.

Kama tungefuata ramani peke yake, kila ukanda wa saa, yaani eneo linalofuata saa ileile, ungechukua nyuzi saba na nusu kila upande wa mstari wake. Mstari wa nyuzi 30, ambao ndio saa ya Zambia, Malawi, Rwanda na Burundi, ungetawala mpaka nyuzi 37.5. Humo zimo Mbeya, Iringa, Dodoma, Mwanza, hata Arusha na Moshi. Morogoro ingeponea chupuchupu upande wa pili. Kwa jua, sehemu kubwa ya Tanzania ni ya saa ya Lusaka.

Na hapa hesabu yetu ya Kiswahili inatoa ushahidi mzuri kuliko saa yoyote ya kununua. Mswahili huanza kuhesabu mchana jua linapochomoza. Saa 12 asubuhi ni macheo, na saa 1 maana yake saa moja ya mchana imeshapita. Huku kwetu mwezi Juni tunasema "saa moja asubuhi" wakati jua ndiyo kwanza linatoa ncha. Saa nzima imehesabiwa gizani. Vuka mpaka, ulihesabu jua hilohilo kwa saa ya Zambia: limechomoza saa 12 kamili, kama wazee walivyopanga.

Kanda za saa ni jambo la juzi tu. Zamani kila mji ulifuata jua lake, na hakuna aliyeumia, kwa sababu hakuna aliyesafiri haraka kiasi cha kugundua tofauti. Reli ndiyo iliyoleta tatizo. Uingereza, Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika 10, na ratiba ya treni haiwezi kuwa na adhuhuri mbili. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakakubaliana kwamba longitudo ihesabiwe kuanzia Greenwich. Baada ya hapo kila serikali ilichagua saa yake kwa sababu zake: biashara, majirani, utawala. Sudan Kusini ilirudisha saa yake nyuma kwa saa moja mwezi Februari 2021. Kongo ina saa mbili, moja ya Kinshasa na nyingine ya Lubumbashi.

Kwa msafiri wa Nyanda za Juu Kusini, mahali pa kuyaona haya kwa macho ni Tunduma. Unavuka tu kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na saa moja inarudi. Hata TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inavuka mpaka huo wa saa. Kasumulu nako ni vilevile ukiingia Malawi. Tatizo kubwa siku hizi ni simu. Ukiwa Tunduma simu inaweza kunasa mnara wa Nakonde, ikajirekebisha yenyewe kwa saa ya Zambia bila kukuuliza. Umetega kengele ya saa 11 alfajiri uwahi basi la Dar. Inalia ikiwa saa 12 ya Tanzania na basi limeondoka. Dawa yake ni ndogo: fungua mipangilio ya tarehe na saa, zima sehemu ya saa kujirekebisha yenyewe, kisha chagua saa ya Dar es Salaam.

Kwenye tiketi nako kuna mtego wa pili. Tiketi ya Nakonde ikiandikwa 08:00, kwanza igeuze kwa Kiswahili: saa 2 asubuhi. Halafu kumbuka ni saa 2 ya Zambia, ambayo kwa saa ya Tanzania ni saa 3. Kwa hiyo ukipatana na mtu ng'ambo, uliza kabisa: saa ya huku au ya kule?

Wafungaji wa Ramadhani nao wana haki ya kulijua hili. Adhana ya magharibi inayorushwa redioni kutoka Dar es Salaam hutangazwa kwa wakazi wa Dar na maeneo ya jirani, na maneno hayo yana uzito. Jua la Mbeya huzama nyuma ya lile la Dar kwa dakika 20 hadi 27, kutegemea mwezi. Anayefuturu Mbeya kwa adhana hiyo anafuturu jua likiwa bado juu. Fuata ratiba ya msikiti wa mji wako.

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi haya yote hahitaji maabara. Simika fimbo iliyonyooka kwenye uwanja tambarare, anza saa 6 mchana, na kila dakika tano weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kifupi kuliko vyote hakitatokea saa 6. Hapa Mbeya kitatokea kati ya saa 6:30, mapema Novemba, na saa 7 kamili, katikati ya Februari. Wastani wake ni saa 6:46. Kivuli hicho kinalala kwenye mstari wa kaskazini na kusini ya kweli. Epukeni katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, maana jua hukaa utosini na fimbo haina kivuli cha kupima. Mimi huona nyuso za wanafunzi zikibadilika pale wanapogundua kwamba saa ya ukutani na jua havisemi kitu kimoja.

Siombi saa ya taifa ibadilishwe. Nchi moja kuwa na saa moja kunarahisisha benki, mabasi, mitihani na taarifa ya habari, na sioni faida ya kumtofautisha mtu wa Makambako na wa Morogoro. Ninachokiomba ni ratiba. Mtoto wa Isyonje, huku Mbeya, anayetakiwa awe shuleni saa 1 asubuhi mwezi Julai, na shule iko mwendo wa saa nzima, anatoka nyumbani saa 12 kukiwa giza totoro. Mwanga wa kuona njia huanza kama dakika 20 kabla ya jua, yaani saa 12:40 hivi. Dakika 40 anatembea asione anapokanyaga, kwenye baridi ambayo upande wa Kitulo huacha jalidi kwenye majani. Mwenzake wa Dar hupata mwanga huo mapema zaidi, kama dakika 27 kabla yake. Kamati za shule za mikoa yetu zikae na walimu wakuu na maofisa elimu, ziangalie muda wa kufika kuanzia Juni hadi Agosti. Dakika 40 tu zikisogezwa mbele, mtoto huyo anatoka nyumbani akiiona njia.