Trifala si Haluli

Juzi, kwa mara ya nne ndani ya wiki moja, mgeni aliketi mbele yangu na kuniambia, kabla sijapata hata kumuuliza habari za nyumbani, kwamba anataka trifala, unga wa dawa wa Kihindi, ya kusafisha tumbo. Nilimuuliza tumbo lina nini. Akasema halina kitu: chakula anakula kwa hamu, choo anapata kila alfajiri, usingizi haumsumbui, lakini imetimia miezi mitatu tangu alipojiendesha, yaani kujiharisha kwa dawa, mara ya mwisho, na Ramadhani inakaribia. Nimeyasikia maneno hayo miaka yote niliyofanya kazi hii ya Ayurveda, utabibu wa jadi wa India, hapa Mombasa, na nimeona ni afadhali niliandike jibu langu mara moja kwa urefu kuliko kulirudia nusunusu mlangoni.

Watu wa pwani tumelelewa na haluli, dawa ya kuharisha. Shule zikifungwa, watoto tulipangwa mstari tukanyweshwa ile chumvi chungu, au sanamaki iliyochemshwa, au mafuta ya nyonyo, na siku hiyo hapakuwa na mchezo. Siwalaumu wazee wetu, kwani walitumia walichokuwa nacho katika zama ambazo kila mtoto alidhaniwa kuwa na minyoo. Kinachonikera ni kuivika Ayurveda nguo ya haluli, kana kwamba matabibu wa India walikesha karne kwa karne wakitafuta ufagio mwingine tu wa utumbo.

Trifala ni unga wa matunda matatu yaliyokaushwa, nayo ni haritaki, bibhitaki na amalaki, ambalo wengi hulijua kwa jina la amla. Kwa kawaida huchanganywa kwa vipimo sawa. Hilo halina ubishi na sitalirefusha.

Ubishi uko kwenye haritaki. Sharngadhara, tabibu aliyeandika katika zama za kati, alizigawa dawa zinazoshusha choo katika daraja nne, na sisi tuliosoma Jamnagar, kule Gujarat, tulizikariri hadi tukaziota. Daraja la kwanza ni anulomana, yaani dawa inayokamilisha usagaji, ikalegeza kilichofungamana, kisha ikakielekeza chini kwa njia yake ya kawaida, na mfano wake ni haritaki. La pili ni sramsana, inayoteremsha kilichong'ang'ania bila kukisaga kwanza, kama ifanyavyo nyama nyeusi iliyo ndani ya maganda marefu ya aragvadha, ule mti wa maua ya manjano yaning'iniayo kama vichala. La tatu ni bhedana, inayovunja kilichoganda, na mfano wake ni katuki, mzizi mchungu wa milima ya Himalaya. La nne ni rechana, inayokigeuza kilichosagika na kisichosagika kuwa majimaji na kukitoa chote, na mfano wake ni trivrit, mzizi wa mmea utambaao. Mtu anayeomba trifala ya kujiendesha anaomba kazi ya daraja la nne kwa dawa ya daraja la kwanza. Asipoharisha, huongeza kijiko cha pili na cha tatu, halafu huja kuniambia kwamba trifala yangu ni dhaifu.

Tena hata rechana yenyewe haikutolewa kiholela. Utaratibu wa virechana, yaani kumsafisha mgonjwa kwa kumharisha, huanza kwa kumnywesha mgonjwa samli kwa siku kadhaa, kisha kumkanda na kumtoa jasho, ndipo apewe dawa ya kuendesha huku tabibu akihesabu safari za chooni. Safari 30 ndizo huhesabiwa kuwa usafishaji kamili, na 10 ni wa daraja la chini. Baada ya hapo huja sehemu ambayo hakuna mteja aliyewahi kuniulizia hata siku moja: mgonjwa hulishwa uji mwepesi, kisha mzito, kisha wali laini wa choroko, na baada ya usafishaji kamili huchukua hadi siku 7 kabla ya kurudi kwenye chakula cha kawaida. Sababu ni kwamba agni, moto wa kusaga chakula, umebaki kama cheche. Matini za kale zinasema cheche hiyo hulishwa majani makavu na samadi kavu kidogo kidogo mpaka iwe moto mkubwa. Anayejiendesha asubuhi na kula biriani jioni ameitupia cheche gogo bichi.

Kuhusu Ramadhani, nitasema kwa mkato kwa sababu nimechoka kulisema. Miongoni mwa watu ambao mabingwa wa kale waliwakataza haritaki wamo waliodhoofishwa na kufunga, waliokonda na wanawake wajawazito.

Liko jambo linaloniumiza zaidi ya hayo. Vipakiti vingi vinavyouzwa kwa jina la dawa ya Ayurveda ya tumbo nguvu yake yote ni sanamaki. Sanamaki si mmea wa matini kongwe za Ayurveda. Iliingia baadaye kupitia utabibu wa Waarabu na Wayunani, na jina lenyewe linaitaja Makka. Huuchokoza utumbo mpana mpaka ujikunje na kutoa maji, nayo hufaa kwa siku chache. Mwaka jana mama mmoja wa makamo aliniletea kipakiti alichokitumia kila usiku kwa miezi minane, huku akimeza vidonge vya presha vya kukojoza. Miguu ilikuwa haina nguvu na moyo ulimdundadunda. Nilimpeleka hospitali siku ileile wakampime potasiamu, kwa kuwa sanamaki na vidonge vile vyote huipoteza, na ilikuwa imeshuka vibaya. Aliniambia, "Lakini daktari, si ni majani tu?" Urukususu nao ni mizizi tu, na ukizidishwa hupandisha presha na kupunguza potasiamu hiyohiyo. Tena hatari haiko kwenye mimea pekee: mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki.

Haki inanitaka niseme pia mahali ambapo elimu yangu inanitia mashaka. Tulifundishwa kwamba chakula kisichosagika huacha ama, uchafu unaonata, na kwamba utando wa ulimi huuonyesha. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuikamata ama, na nimewaona walimu wawili wakiutazama ulimi mmoja na kutofautiana. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia kijana kwamba agni yake ni dhaifu, nikampa tangawizi kavu na pilipili, kumbe alikuwa na vidonda vya tumbo. Nilimzidishia maumivu kwa wiki mbili, na tangu siku hiyo siwashi moto wa mtu kabla sijauliza kama kinachomsumbua ni kuungua. Majaribio ya trifala kwa binadamu ni machache na madogo, kwa hiyo nimeacha kusema, kama nilivyofundishwa, kwamba yafaa kunywewa maisha yote.

Kisha kuna majira. Haritaki huambatanishwa na kitu tofauti katika kila msimu kati ya misimu sita ya India: chumvi ya mawe wakati wa mvua, kisha sukari, kisha tangawizi kavu, kisha pilipili ndefu, kisha asali, na sukari guru wakati wa joto kali. Hapa kwetu tuna kaskazi na kusi, masika na vuli. Nimejaribu kuilinganisha kalenda hiyo na ya kwetu kwa miaka mingi, na ninachofanya sasa ni kufuata mwili wa mgonjwa na kuiacha kalenda. Mwalimu wangu asingekubali, lakini sioni njia nyingine ya kweli.

Kwa tumbo linalojaa gesi baada ya kula, ambalo ndilo lalamiko la wengi wanaodhani wamejaa uchafu, situmii trifala kabisa. Natumia unga wa vitu vinane: mvuje, tangawizi kavu, pilipili manga, pilipili ndefu, ajwaini, bizari nyembamba, bizari nyeusi na chumvi ya mawe. Kidogo chake huchanganywa na samli na kuliwa kwa tonge la kwanza la wali, si kabla ya kulala wala si kwa tumbo tupu. Mvuje huo ni uleule ambao bibi zetu walikuwa nao ndani ya nyumba, ingawa wengi waliutumia zaidi kuwakinga watoto na mashetani kuliko kwa gesi.

Yule mgeni wa juzi aliondoka bila trifala. Nilimpa shamari kidogo ya kutafuna baada ya futari, nikamwomba anywe maji ya kutosha usiku na asirundike vyakula vya kukaanga kwenye futari, na nikamwambia arudi baada ya Idi ikiwa kuna kitu kitamuuma.